Nimesamehewa Saa Nisiyoiiba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama inawezekana nijibu kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo nitasimamishwa mbele ya makanisa sita nieleze jinsi nilivyokuwa mwizi mpaka Bwana akaniokoa, na mimi katika maisha yangu yote sijawahi kuiba hata kifutio.

Nina miaka kumi na sita, ni msichana, nasoma sekondari, na wenzangu wameniita Kamusi tangu darasa la sita kwa sababu wakati wa mapumziko huwa naonekana na kitabu kuliko na mtu. Mama yangu ni mkunga. Tumekuwa tukisali katika kanisa moja tangu nikiwa tumboni, na hapo ndipo penye shida yangu yote, kwa sababu kanisani kwetu kijana hahesabiwi kuwa ameokoka mpaka awe na tarehe, na mimi sina tarehe. Sikumbuki siku ambayo nilianza kumwamini Mungu kama nisivyokumbuka siku niliyoanza kumwita mama "mama". Wenzangu wote wana tarehe, wengine mpaka na saa na dakika, na kila mwenye tarehe hupewa joho la buluu na kuingizwa katika Kundi la Ushuhuda, ambalo husafiri kwenda makanisa mengine, na huko hupokewa kwa shangwe na soda, na mimi hubaki kwenye benchi la nyuma na watoto wadogo na kikongwe mmoja asiyesikia.

Usifikiri nilitaka soda tu. Nilianza kuogopa kweli. Nilijiuliza kama mtu ambaye hajapotea anaweza kuokolewa, na kama hawezi, basi mimi nitakwenda wapi.

Mlezi wetu wa vijana ni fundi cherehani, ni yeye anayeshona yale majoho, na kila anayetaka kujiunga humpa karatasi yenye sehemu tatu. Ya kwanza imeandikwa "Nilikuwa nani", ina mistari kumi na miwili. Ya pili "Bwana alinikutaje", mistari minne. Ya tatu "Sasa mimi ni nani", mistari miwili. Nilikwenda kwake dukani nikamkuta anapinda sketi, pini zimejaa mdomoni, akaniambia niandike palepale.

"Dada, hii ya kwanza sijui niandike nini," nikamwambia.

"Andika ulikuwa nani."

"Nilikuwa mimi."

"Ulikuwa unakunywa?"

"Hapana, dada."

"Wavulana?"

"Huwa wanakuja kunakili kazi ya hesabu, halafu wanaondoka."

"Umewahi kupelekwa kwa mganga?"

"Nilipelekwa kwa daktari wa meno."

Akatoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kile kimto chake. "Mwanangu, sasa Bwana alikuokoa na nini? Maktaba?"

Nikajitahidi. Nikamwambia kwamba nilimwonea wivu binamu yangu aliposhinda shindano la insha, wivu mkubwa, kiasi kwamba alipopata mafua siku ya kupokea zawadi nilifurahi, na kwamba huwa naweka kitabu cha hadithi ndani ya Biblia wakati wa mahubiri na kugeuza kurasa kwa uchaji. Nilipokuwa nikisema hayo uso uliniwaka moto kwa aibu, kwa sababu hayo ndiyo mabaya niliyonayo na sijawahi kumwambia mtu.

Akapunga mkono. "Hiyo siyo dhambi, hiyo ni tabia. Kanisa haliwezi kulia kwa sababu ya mafua. Nenda kajichunguze, ukipata kitu uje."

Mshauri, nilijichunguza wiki mbili. Niliwasikiliza wenzangu ili nijifunze. Kuna kijana mmoja ambaye ushuhuda wake ulianza na kipande kimoja cha sigara alichookota akavuta akakohoa mpaka akatapika, hilo tuliliona wote nyuma ya choo cha shule, lakini kanisa la pili kilikuwa sigara nzima, la tatu kilikuwa pakiti, na juzi nimemsikia akisema alikuwa mkuu wa genge. Kuna msichana aliyelala siku tatu kwa homa, sasa alikuwa kuzimu siku tatu na ametuletea salamu za baadhi ya majirani. Hakuna anayewauliza kitu. Kadiri shimo linavyokuwa refu ndivyo makofi yanavyokuwa mengi.

Basi nikaandika kwamba nilikuwa mwizi. Niliona wizi ni dhambi safi, haina ugonjwa wala mimba. Mlezi akafurahi, akanipima mabega, na Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele.

Sasa hapa naomba unielewe, kwa sababu sikukusudia. Nilikuwa nimepanga kusema tu "niliiba vitu" na kuketi. Lakini nilipofika pale mbele, watu mia mbili wananitazama, nikamkumbuka mwalimu wetu wa insha, yeye husema kila siku kwamba maelezo ya jumla hayamwamshi msomaji, mpe kitu kimoja anachoweza kukishika. Nikainua macho kutafuta kitu cha kushika, nikaona msumari.

Lazima nikueleze huo msumari. Kwenye ukuta wa nyuma, unaotazamana na mimbari, palikuwa na saa kubwa ya mviringo iliyotolewa na familia ya marehemu mzee mmoja wa kanisa ili mhubiri aone muda. Miaka miwili iliyopita saa hiyo ilipotea kati ya Jumamosi na Jumapili. Mlango haukuvunjwa. Funguo za kanisa zilikuwa mbili tu, moja ya Mchungaji na moja ya mzee aliyekuwa akifagia na kutunza jengo, ambaye sote tunamwita Babu Funguo, na kwa kuwa Mchungaji hawezi kuiba, wazee wa kanisa wakakaa robo saa wakamfukuza Babu Funguo. Tangu hapo amekuwa akishona viatu kando ya barabara, na watu wa kanisani wakifika pale huvuka upande wa pili, hata wenye viatu vilivyoachama. Ibada nayo, ambayo zamani ilikuwa ikiisha saa tano, sasa huisha saa saba na nusu, lakini hilo si tatizo langu la leo. Msumari bado upo, juu kabisa ya dirisha la nyuma. Mwaka jana fundi rangi alilazimika kuazima ngazi ndefu ili kuuzungushia brashi.

Basi nikanyoosha kidole kwenye ule msumari nikasema, "Ile saa. Ni mimi."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, maneno yakaja yenyewe kama yanavyokuja kwenye insha. Nikasema nilijificha chini ya benchi baada ya mazoezi ya kwaya, nikasogeza kiti cha mzee wa kanisa, nikapanda, nikaishusha, nikaitia kwenye begi la shule, na njia nzima nikaisikia ikigonga mgongoni mwangu kama moyo wa pili. Sentensi hiyo ya moyo wa pili niliipenda, nakiri. Nikasema kwa hofu niliivunjavunja nikaitupa kwenye shimo la taka la shule.

Mshauri, sijawahi kupigiwa makofi vile. Watu walisimama. Mchungaji alishuka mimbarini akaniwekea mkono kichwani, akasema mbinguni kuna furaha, akatangaza kwamba nimesamehewa, na mlezi akanivika joho palepale, mikono ilikuwa mirefu lakini nilivaa. Mama yangu peke yake ndiye aliyebaki amekaa, ameshika midomo.

Nyumbani hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mungu amekusamehe, na mimi nani." Lakini tangu siku ile mkoba wake, ambao miaka yote ulikuwa unakaa juu ya kabati la sebuleni, unalala naye chumbani. Mdogo wangu naye amefunga sanduku lake la kalamu za rangi kwa waya. Nilimuuliza, "Hata wewe?" akaniambia, "Dada, nakupenda, lakini umeokoka juzi tu."

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa wakamwita Babu Funguo. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Wakamsimamisha mbele, na Mchungaji akasema kwa sauti ya upole, "Mzee wetu, kanisa limekusamehe."

Babu Funguo akauliza, "Mmenisamehe nini, Mchungaji?"

Watu wakacheka kidogo, si sana.

"Yote, mzee wetu, yote," akasema Mchungaji, akamkabidhi funguo, na watu wakapiga makofi, ingawa yangu yalikuwa mengi zaidi. Babu alizipokea kwa mikono miwili. Aliziangalia muda mrefu kama mtu anayeangalia picha ya mtoto wake aliyekuwa safarini. Kisha akasema angependa kuzungumza na mimi.

Nilimfuata kwenye stoo yake, pale penye mafagio na ndoo.

"Kaa, mjukuu," akasema, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, babu."

"Ulipanda nini?"

"Kiti, babu."

"Kiti tu?"

"Kiti tu."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka utosini, polepole, kama fundi anayepima mbao. "Mm," akasema. "Na ilikuwa inatembea?"

"Ndiyo, babu, nilikuwa naisikia ikigonga kama..."

"Kama moyo wa pili. Nimehadithiwa." Akaokota kitambaa akafuta mpini wa fagio ambao haukuwa na vumbi. Kisha akasema, "Basi mimi nimekusamehe, mjukuu. Siku ukiwa na neno jingine la kuniambia, nipo hapa. Mlango huu siufungi."

Nililia. Yeye akanipa kile kitambaa. Sikuelewa ni neno gani jingine ambalo ningekuwa nalo, maana alikuwa ameshasamehe kila kitu, nikadhani labda ni uzee.

Sasa, mshauri, hali yangu ni hii. Bango limebandikwa kwenye mlango wa kanisa na kwenye nguzo mbili za barabarani, limeandikwa "NJOONI MMSIKIE BINTI ALIYEIBA MUDA WA BWANA", na picha yangu ni ile ya kitambulisho cha shule ambayo nimefumba jicho moja. Mlezi ameniambia tuongeze kidogo, saa moja haiwatoshi makanisa sita, tutie na vipaza sauti viwili. Mama mmoja ameniletea mtoto wake mwenye mkono mwepesi nimwombee. Na mimi nikipiga magoti sijui niombe msamaha wa lipi, kwa sababu la kuiba nimesamehewa na sikulitenda, na la kusema uongo nililitenda na likapigiwa makofi.

Nikisema kweli, wazee watasema basi mwizi ni yuleyule wa kwanza, na Babu Funguo atanyang'anywa funguo mara ya pili, na safari hii sijui kama atapiga shati pasi. Nisiposema, nitaendelea kuwa mwizi mbele ya mama yangu na mwongo mbele ya Mungu, nikiwa nimevaa joho. Yeye akipoteza funguo ni mimi nimemwua, na nikinyamaza ni roho yangu inayokufa, na sioni njia ya tatu, na nimetafuta katika vitabu vyote nilivyonavyo.

Nifanye nini?

Ni mimi,
Kamusi


MSHAURI ANAJIBU

Kamusi, mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwenye mkoba wa mama yako, sikucheka tena.

Tuanze na hofu yako, kwa sababu ni ya kweli na hakuna mtu mzima aliyekujibu. Unauliza kama mtu ambaye hajapotea anaweza kuokolewa. Yuko mtu aliyetolewa shimoni, na yuko aliyeshikwa mkono kabla hajaanguka. Mkono uliowashika ni mmoja. Tofauti yao ni matope tu, na ninyi huko kanisani mmeanza kuyapigia makofi matope. Fundi anayekupa mistari kumi na miwili ya kueleza ubaya wako na minne ya kumweleza Bwana, huyo anajua kupima mabega, lakini nafsi amekuachia imebana kwapani.

Tena ulikuwa na dhambi. Ulimpelekea mlezi wako mkononi. Kufurahia mafua ya binamu yako ndiyo dhambi hasa, kongwe kuliko saa zote za ukutani, kati ya ndugu wa kwanza duniani mmoja alimwua mwenzake kwa mbegu hiyohiyo. Ulipoisema uso ukakuwaka. Huo moto wa usoni, mwanangu, ndio toba. Ulikuwa nayo dukani, mbele ya cherehani, ukaambiwa uirudishe nyumbani kwa sababu haiwalizi watu.

Hapo nimemaliza kukuonea huruma.

Ulikuwa unatafuta dhambi kubwa ya kuipeleka kanisani. Hongera, umeipata. Uliitengenezea palepale mbele ya mimbari, kwa ufundi, ukaipamba na moyo wa pili. Usimsingizie mwalimu wa insha. Yeye alikufundisha kumshika msomaji, hakukuambia umshike kwa msiba wa mzee wa watu.

Na uone ulichokifanya. Kubeba dhambi ambayo hukuitenda ni kazi nzito, na kwa imani yako ilishafanywa na mmoja, mara moja, ikatosha. Yeye hakupigiwa makofi. Alipigwa. Wewe uliibeba kwa ajili ya joho lenye mikono mirefu. Sikuambii haya ili ukate tamaa, nakuambia ili siku nyingine ukitamani kujitwika msalaba usio wako, uangalie kwanza kama kuna soda mwisho wa safari.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu unasema umetafuta njia ya tatu katika vitabu vyote. Unasoma sana, Kamusi. Ila uso wa mtu mmoja ulikuwa wazi mbele yako, ukashindwa kuusoma.

Fundi rangi, mtu mzima, alihitaji ngazi ndefu ili aufikie msumari ule. Umeniandikia mwenyewe. Wewe unasema ulipanda kiti. Watu mia mbili walisema amina, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuupima ukuta. Mmoja tu ndiye aliyekuuliza ulipanda nini. Akakuuliza tena, kiti tu? Akakupima kuanzia viatu mpaka utosini. Mwanangu, ule haukuwa uzee. Huyo ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kuifuta saa ile miaka na miaka. Babu Funguo anajua hukuiba. Alijua kabla hujainuka kwenye ile ndoo. Nina shaka hata kama saa yenyewe ilikuwa inatembea, lakini hilo utamuuliza mwenyewe.

Alijua, na bado akasema amekusamehe. Jiulize alikusamehe nini, ikiwa hukuiba. Alikusamehe uongo, kabla hujaukiri, ukiwa umekaa mbele yake unaendelea kuusema. Halafu akakuambia mlango haufungi, ukadhani anazungumzia stoo.

Kwa hiyo ile hofu yako kwamba ukisema kweli utamwua, iweke chini. Anajua funguo zake zimening'inizwa kwenye uongo wako, na anajua msumari huo hauna nguvu. Unachomficha wewe yeye anakishika kila asubuhi akifungua mlango wa kanisa.

Neno dogo kwa wazee wa kanisa hilo, maana gazeti hili najua wanalisoma, wakimaliza ukurasa wa mpira. Mlimfukuza mtu kwa robo saa, bila ushahidi, kwa sababu funguo zilikuwa mbili na mmoja wa wenye funguo hahesabiwi. Kisha mkamrudisha mkasema mmemsamehe. Aliyekosewa hasamehewi, anaombwa radhi. Kama funguo zile amepewa kwa sababu mwizi amepatikana, basi zichukueni, hazikuwa za haki. Kama ni zake, ni zake kwa sababu hakuna aliyewahi kuonyesha kosa lake, na ushuhuda wa binti huyu uwepo au usiwepo, ziko palepale. Na kuhusu saa, mimi si mpelelezi. Mimi nimeambiwa tu kwamba tangu ipotee, mahubiri yameongezeka saa mbili na nusu. Anayetaka kuitafuta aanze kwa kujiuliza ni nani ilikuwa ikimsumbua.

Turudi kwako, Kamusi. Utafanya hivi, na hutangoja Jumapili.

Leo ukitoka shule pita kanisani. Usivae joho. Nenda stoo, umwamkie Babu, umwambie, "Babu, sikuiba saa. Nilidanganya." Maneno hayo yanatosha. Usianze na mstari wa Biblia, usitie mfano, na nikisikia kuna moyo wa pili nitajua mwenyewe cha kukufanya. Kisha umuulize yeye, siyo mimi, anataka mwende vipi kwa Mchungaji. Jina lililochafuliwa ni lake, na yeye ndiye wa kusema lisafishwe kwa maji gani. Akitaka mwende wawili, nendeni. Akitaka kwanza mnywe maji mkae, kaeni.

Mama yako umwambie leo hii, kabla ya chakula. Jiandae, atakasirika kuliko alivyokasirikia wizi, kwa sababu wizi aliulilia wiki nzima bure. Usijitetee. Na mkoba usiuangalie. Siku atakayousahau sebuleni utajua umerudi nyumbani.

Joho ulifue, ulipige pasi, umrudishie mlezi. Akikuuliza sasa utatoa ushuhuda gani, mwambie ule wa mafua ya binamu ulikuwa unatosha, na wewe huna mwingine wa kuongeza. Binamu naye umtafute, umpongeze kwa insha yake. Umechelewa, lakini nenda.

Jumapili ya makanisa sita, kama Mchungaji atakubali useme kweli, simama useme kwa dakika moja, hata kama hakuna saa ya kukuonyesha. Kama atakukataza, rudi kwenye benchi lako la nyuma pamoja na watoto na yule kikongwe asiyesikia. Ni benchi zuri, kuna watu wameingia mbinguni kutokea hapo. Lakini mbele usiende kusema uongo tena, hata bango liwe kubwa kuliko mlango. Na wakithubutu kumnyang'anya mzee funguo kwa sababu wewe umesema kweli, niandikie. Barua hiyo nitaichapisha pamoja na jina la kanisa.

Unaogopa, najua. Utafika pale mlangoni miguu ikatae. Basi kumbuka jambo moja. Mzee yule alipoteza miaka miwili ya maisha yake kwa sababu ya mlango uliosemekana aliacha wazi au alifungua kwa hila. Mtu wa namna hiyo, akirudishiwa funguo, hufunga kila kitu mara mbili. Yeye amekuambia mlango mmoja haufungi.

Mtunza funguo hana kawaida ya kuacha mlango wazi bila sababu. Wiki hii sababu ni wewe. Nenda ukamwondolee kazi ya kusubiri.